Sahani ya Mama Yustina

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe kwa midomo yenu, asifiwe kwa makofi yenu, na leo asifiwe pia kwa tumbo langu, maana limeshiba tangu asubuhi!

Naona mnacheka. Chekeni tu, chekeni sasa hivi, kwa sababu huko mbele hakuna pa kuchekea.

Jina langu mnalijua. Ni Skolastika, Skola wenu, mcheza mpira, beki namba tano, mzaliwa wa Mgeta, kule juu kabisa ambako kabichi zinaota jirani na kiti cha enzi na ukipiga chafya wingu linahama. Ushuhuda huu nimeuandika kwenye daftari. Mwaka huu nimehitimu masomo ya jioni, cheti ninacho, nimekilalia chini ya mto mpaka kimepinda, kwa hiyo msishangae mtu wa kabichi kuwasomea karatasi. Lakini sikuandika ili nijionyeshe. Mnanijua. Nikisimama hapa mikono mitupu nitatia chumvi: dagaa atakuwa nyangumi, na goli moja la kichwa litakuwa saba. Habari ya leo sitaki niitie chumvi. Ninapotania mtapajua. Nisipotania, mtapajua pia.

Ndugu zangu, ninyi mna miguu, lakini mimi nilizaliwa na MIGUU! Tangu darasa la pili nimebeba kabichi kichwani, kutoka shambani kwa mama hadi barabarani linakosimama lori la Dar. Anayezijua njia za Mgeta anajua kwamba zile si njia, ni ukuta ambao watu wameamua kuutembelea. Nateremka na mzigo, napanda na chumvi na sabuni. Tukimsubiri dereva tulicheza mpira, na mpira wetu ulikuwa kabichi iliyooza katikati na bado ngumu nje. Mtu aliyejifunza kupiga shuti kwa kabichi, miguu peku, siku akikutana na mpira wa ngozi anadhani amepewa mto wa kulalia.

Nilipovunja ungo nikawekwa ndani kama ilivyo desturi yetu Waluguru. Mwali hatoki, hachanji kuni, analishwa. Uji asubuhi, ugali na njegere mchana, viazi na maharage jioni, na katikati matunda, mafyulisi ya kutafunatafuna ili mdomo usipate upweke. Siku ya kutolewa, akina mama walipiga vigelegele, wakanishika mikono, wakanishika mashavu, wakasema, "Huyu ametunzwa! Huyu mama yake amefanya kazi!" Mama yangu alisimama pale kama aliyeshinda ubunge. Mwili wangu ulikuwa sifa yake. Naomba hilo mlikumbuke.

Ndipo zikaja zile zama za biashara huria. Mitumba imejaa mpaka mlimani, maduka yana sabuni za rangi saba, viwanda vilivyokuwa vya serikali vinapata wenyewe wapya. Kiwanda kimoja hapa mjini kilipata mwenye kupenda michezo, na meneja wake akaamua kuanzisha timu ya wanawake, nchi nzima ishangae. Mtu wao aliniona Mkuyuni, nilikokwenda kumsalimia shangazi, nikicheza na wanaume kando ya soko. Alisema hajawahi kuona mwanamke anayeondoa mpira, winga na vumbi kwa teke moja. Nikaandikwa kazini. Kwenye karatasi mimi ni mfagiaji wa ghala, lakini fagio sikuligusa. Kazi yangu ilikuwa mpira. Mchezaji wa kulipwa, ndugu zangu! Mgeta nzima ilijua kabla lori halijawasha injini.

Mechi ya kwanza tu, nikapata jina. Nilipoingia uwanjani na ile kaptula yangu, mtu mmoja akapaza sauti, "Oyaa, wamelishusha Lumbesa!" Mnaijua lumbesa ninyi mnaonunua mboga. Gunia la kabichi linajazwa mpaka mdomoni, halafu halifungwi, linaongezwa juu na kushonewa kilemba, gunia moja linakuwa gunia na nusu. Uwanja mzima ukaangua kicheko. "Lumbesa! Mshoneni mdomo asije akamwagika!" "Refa, hiyo inapita mlango gani?" Mimi nilicheka kuliko wote. Nikapiga kichwa kimoja, mpira ukarudi ulikotoka, tukashinda. Nikaenda nyumbani. Nikakaa kitandani. Nikagundua kwamba silijui tena lile neno walilosema akina mama, kwamba nimetunzwa. Kwetu nilikuwa mwali, mjini nikawa gunia, na mwili ni ule ule.

Sasa sikilizeni habari ya mizani.

Meneja alikuwa amerudi kutoka nje ya nchi, na alikuwa na kanda za video za wanawake wembamba wanarukaruka. Akasema timu yake itapendeza namna ile. Ghalani mlikuwa na mizani ya marobota, ile kubwa yenye mshale. Akachukua chaki nyekundu akachora mstari. Kila Jumatatu alasiri tunapanga foleni, tunapanda mmoja mmoja, mshale ukivuka mstari unaandikwa. Ukiandikwa mara tatu, unarudishwa kwenu. Hakuuliza kama unakimbia. Hakuuliza kama unaruka. Mstari mmoja kwa wote, kipa na winga, mrefu na mfupi.

Na aliyesoma mizani alikuwa karani wa ghala, ambaye tangu azaliwe hajawahi kusoma mizani kimyakimya. Alizoea kupokea marobota kwa sauti. Nikapanda. Mshale ukaruka mstari kama mbuzi anavyoruka mfereji.

"Skolastikaaa!" akaita. "Imezidi! Lumbesa punguza kilemba!"

Wapagazi wote wakaacha mizigo yao ili wacheke vizuri. Meneja akaandika. Moja.

Ndugu zangu, mimi nimegongwa na mabeki, nimegongwa na nguzo ya goli, niligongwa hata na ng'ombe wa mjomba. Sijagongwa na kitu kama ile sauti. Niliuona ule ukuta wa Mgeta. Nikajiona naupanda kurudi, begi kichwani, akina mama wanachungulia milangoni, na mama yangu anaficha uso. Nikajiambia, heri nife kuliko kurudi. Ndivyo nilivyosema, kwa maneno hayo hayo, na kuna aliyesikia, na hakuwa Mungu.

Nikaacha ugali. Nikaacha cha jioni. Asubuhi nikawa nakamua malimau mawili, nakunywa bila sukari, tumbo linajikunja kama karatasi. Kwenye mazoezi nilivaa mfuko wa nailoni chini ya jezi ili nitoke jasho. Mshale ukaanza kurudi, kidogokidogo. Karani akasema, "Aah, lumbesa inavuja!" Wakacheka, na mimi nikafurahi. Nilifurahi, ndugu zangu! Nilikuwa nafurahia kuvuja.

Wengi wenu mmekula kwa Mama Yustina. Kwa wageni niseme: ni mama lishe, banda lake lilikuwa mita chache kutoka uwanja wetu wa mazoezi, na wali wake ungeweza kumtoa mtu kaburini. Ni mshirika wa kanisa hili. Yustina alikuwa binti yake, na alikuwa winga wetu, mdogo kuliko wote timuni, mwepesi kama karatasi ya peremende, mkimbiaji ambaye kivuli chake kilikuwa kinafika baada yake. Siku moja Mama Yustina akanisimamisha.

"Skola mwanangu, siku hizi unapita mbali na banda langu. Nimekukosea?"

"Hapana, mama. Nimefunga."

Neno lile lilitoka lenyewe. Sikulipanga. Nilitaka tu kupita bila kunusa wali.

Akashika kifua. "Bwana asifiwe! Msichana na umri huu, na mpira huu, anafunga!"

Akawaambia akina mama wa maombi. Jumapili ikafika, mchungaji akaniita nisimame, pale, karibu na hiyo nguzo. Akasema, mtazameni binti huyu, jinsi mwili ulivyopungua na roho ilivyonenepa. Na ninyi mkanipigia makofi.

Siwalaumu. Mlichoona ni funga. Lakini niwaambie yalivyokuwa makofi yale kwa mtu aliyeitwa gunia. Yalikuwa matamu kuliko mafyulisi. Kwa mara ya kwanza tangu nitolewe uwali, watu wanautazama mwili wangu na kuushangilia. Mkanifanya kiongozi wa maombi ya kufunga. Niliongoza, ndugu zangu, nikaomba kwa sauti, nikalia machozi, na moyoni nilikuwa naomba kitu kimoja tu: Jumatatu mshale usivuke. Nilichukua jina la Bwana nikafunikia njaa yangu, kama mtu anayefunika sufuria tupu.

Mtu mmoja tu hakudanganyika. Zaina, kipa wetu, Mwislamu, mdomo wake mkali kuliko pilipili kichaa. Mwezi wa Ramadhani ulikuwa umeingia, yeye anafunga na anadaka mipira yote. Jua likizama anakaa kwenye nyasi na wenzake, wanatoa tende, uji, magimbi. Akanitazama nimekaa pembeni nafunga kamba za viatu.

"Wewe Skola, mbona hufuturu?"

"Mimi si Mwislamu, shoga."

"Najua. Lakini si umefunga? Sisi jua likizama tunakula. Mwezi ukiandama tunakula hadi tunagombana. Yako ni funga gani hiyo? Mwezi wako hauandami?"

Wenzake wakacheka. Yeye hakucheka. Akaninyoshea gimbi. Nikasema asante, nikaondoka, nikamwita moyoni mpagani. Mungu anisamehe. Mpagani alikuwa ameketi ndani ya kaptula yangu mwenyewe.

Nikaenda Mgeta mara moja, kumsalimu mama. Nilipanda ule ukuta nikapumzika mara nyingi, mimi, MIGUU! Vizee vya kuni vinanipita. Mama alikuwa anapalilia. Akasimama, akaacha jembe likaanguka.

"Shikamoo, mama."

Hakuitikia. Akanizunguka kama anayekagua mbuzi mgonjwa. Akasema, "Nani amekuweka ndani asikulishe?"

Nikamwambia ndiyo mazoezi ya mjini. Akanipikia viazi na maharage, akakaa mbele yangu. Niliweka mdomoni, na alipogeuka nikatema kwenye jani la mgomba, nikampa mbuzi. Chakula cha mama yangu. Nilimpa mbuzi.

Hapa ndugu zangu naweka utani chini. Sitauokota mpaka nitakapowaambia.

Yustina hakuwa na shida na mizani. Mshale ulikuwa unalala chini ya mstari akipanda na viatu vyake. Hakuwa na sababu yoyote ya kuacha kula, isipokuwa mimi. Alikuwa anakaa benchi la nyuma yangu hapa kanisani, alikuwa ananiona nikisimamishwa. Akanijia siku moja baada ya mazoezi, macho yanang'aa.

"Dada Skola, na mimi nimeanza. Leo siku ya tatu. Usimwambie mama, amenikataza. Anasema damu yangu ndogo, malaria hainitoki."

Nilijua mimi sijafunga. Nilijua mimi ninaogopa tu. Neno moja lingetosha. Ningesema, Yustina mdogo wangu, dada yako ni mwongo, nenda ukale. Lakini ningesema hivyo, kile cheo mlichonipa kingeanguka. Nikamwekea mkono kichwani, kama mchungaji, nikasema, "Mungu akutie nguvu."

Zikapita wiki mbili. Alhamisi moja akaniambia ana homa. Ana vidonge vya malaria, lakini wamemwambia visinywewe bila chakula, na yeye hataki kuvunja funga kabla ya mechi ya Jumamosi. Anywe? Ale? Ananiuliza mimi. Mimi ndiye kiongozi wa maombi.

Nikamwambia, "Vumilia mpaka mechi ipite."

Hayo maneno sijayatia chumvi. Ni manne. Nimeyahesabu mara nyingi.

Mechi ilikuwa Kingolwira, jua la saa tisa, uwanja mkavu. Kipindi cha pili Zaina akapiga mpira mrefu, Yustina akaufuata kama kawaida yake. Alikuwa peke yake. Hakuna beki aliyemgusa. Akaanguka kifudifudi, na mpira ukaendelea kwenda mbele bila yeye mpaka ukatoka nje. Refa akadhani anapoteza muda. Watazamaji wakapiga kelele, "Amka wewe! Amka ucheze!" Zaina alikimbia kutoka golini kwake hadi upande wa pili, glavu mikononi. Alipomgeuza, midomo ilikuwa myeupe. Mimi nilikuwa nimesimama katikati ya uwanja. Sikuweza kukimbia. Nilijisemea ni njaa imenimaliza miguu. Si kweli. Nilikuwa naogopa akifungua macho atasema mbele ya watu.

Hakusema. Hospitali walisema malaria imepanda kichwani, na damu mwilini hakuna. Walimwongezea damu. Zaina alitoa, akiwa mfungoni. Mimi wakanipima, wakaniambia dada, wewe mwenyewe unahitaji kuongezewa.

Jumatatu alasiri tukapanga foleni ya mizani. Tulikuwa hatujui. Karani alifungua daftari, akaita kwa sauti yake ile ile, akafika jina la Yustina, akaita. Akaita tena, "Yustinaaa! Njoo upande!" Mlangoni akatokea mpagazi mmoja aliyetoka hospitali kumwona nduguye. Akavua kofia. Sote tukaelewa. Karani akabaki ameshika kalamu juu ya jina, mshale wa mizani unacheza wenyewe kwa upepo.

Tulimzika Jumatano, ninyi mnakumbuka, mvua ilikuwa inanyesha. Tukarudi nyumbani kwa Mama Yustina. Wanaume chini ya turubai, akina mama jikoni uani, masufuria makubwa ya wali na maharage, sahani zinapitishwa. Mimi nikajibanza ukutani. Kila sahani ikija naipitisha kwa mwingine.

Mama Yustina akaniona. Alikuwa amekaa kwenye mkeka na nduguze, khanga kichwani, sauti imemkauka. Akainuka. Wakamzuia, akawatoa mikono. Akaenda kwenye sufuria akapakua mwenyewe, kwa mkono wake, sahani imejaa kama anavyowapakulia watu anaowapenda. Akaja kuniketia mbele.

"Skola mwanangu," akasema, "kula. Wewe ndiye uliyekuwa unamlisha mwanangu."

Sikuelewa.

"Kila siku akirudi namwekea chakula, ananiambia, mama nimeshiba, nimekula kwa dada Skola. Nikasema sawa, dada yake anampikia. Nilikuwa nataka kuja kukushukuru." Akaniwekea sahani magotini. "Hebu niambie, mwanangu. Zile siku za mwisho, alikula nini? Alipenda? Nataka tu kujua alikula nini."

Ndugu zangu, mnaujua muujiza? Watu wanataka kuona kiwete anatupa magongo. Mimi niliuona muujiza mgumu kuliko huo. Uongo wangu wote ulikuwa tayari mdomoni. Ningesema ndizi. Ningesema alikula ndizi na nyama, mama, akasifia sana. Mama yule angelala usingizi na moto wa kifuani mwake ungepoa kidogo. Shetani mwenyewe angesema nimefanya jambo jema. Na mdomo wangu ukafunguka, nikasikia sauti inasema, "Hakula kitu, mama."

Uani hata aliyekuwa anakwangua ukoko akaacha.

"Hakula kwangu hata siku moja. Kwangu hakuna chakula. Mimi sifungi, mama. Sijawahi kufunga. Nilikuwa naogopa mizani. Yeye akanifuata akidhani ni Mungu. Aliniuliza anywe dawa, nikamwambia avumilie."

Dada mmoja wa Mama Yustina akaruka anipige. Zaina, ambaye alikuwa anaosha vyombo, akaja kusimama katikati yetu na mikono yake yenye povu. Mama Yustina hakuniruka. Hakulia. Alinitazama muda mrefu, mrefu kuliko mechi yoyote niliyocheza. Nilidhani atasema amenisamehe. Hakusema. Nilidhani atanifukuza. Hakunifukuza. Alisema neno moja.

"Kula."

"Mama, siwezi."

"Kula. Mimi nikuangalie."

Nikala. Wali ulikuwa kama mchanga. Kila tonge lilipita kooni na machozi. Tumbo lilikuwa limesahau kazi yake, likakataa, nikaenda nyuma ya choo nikatapika, nikarudi, nikanawa, nikakaa. Yule mama alikuwa bado yupo pale pale. Akasogeza sahani. Nikaanza tena. Alikuwa ananiangalia kila tonge, kama anayehesabu yale ambayo mwanawe hakula. Nilipomaliza, akaichukua sahani ikiwa tupu, akaigeuza akaitazama, na hapo ndipo akalia.

Alipotulia akaniambia, "Kesho uje. Na kesho kutwa. Na siku utakapoweza, ukasimame pale walipokusimamisha, uwaambie na wao."

Ndugu zangu, imenichukua miaka miwili kufika pale walipokuwa wamenisimamisha. Ni hapa. Ni nguzo hii hii. Ndiyo maana nimeandika.

Wokovu wangu haukuja na ngurumo. Ulikuja na sahani, kila mchana, kwa mwanamke aliyekuwa na kila haki ya kuninyima maji. Siku nyingine hatukuzungumza kabisa. Siku nyingine alikuwa ananipakulia akiwa amenigeuzia mgongo. Lakini alipakua. Nami ninaamini mkono ule ulikuwa wa Bwana, kwa sababu wa binadamu usingeweza.

Mizani? Jumatatu iliyofuata ile ya msiba, Zaina alipanda wa kwanza, akatema mate kwenye pembe ya khanga, akaufuta ule mstari mwekundu mbele ya meneja. Akashuka. "Haya," akasema, "soma sasa." Karani akafunga daftari. Meneja aliondoka bila neno, na mpaka leo hajasema neno. Baadaye kiwanda kikauzwa tena, timu ikafa. Mimi nikachukuliwa na timu ya Dar, na mkataba wa kweli, siitwi tena mfagiaji.

Sasa naokota utani wangu kidogo, maana hata Yustina alikuwa mcheshi.

Wasichana wa timu yangu mpya wananiuliza, dada, siri ya mwili wako ni nini? Nawaambia, nakula! Asubuhi nakula viazi na yai kabla ya kugusa mpira, mchana wali na maharage na kabichi ya Mgeta, na nikicheza dakika tisini nakula tena, na mkungu wa ndizi ukikaa karibu nami ujiangalie. Mizani yangu ni ule ukuta. Nikienda kwetu nabeba mzigo, napanda. Nikifika juu bila kupumzika, basi mwili u mzima, hata kama mshale umezunguka mara mbili na kurudi ulikotoka. Mama yangu akiniona anaitikia shikamoo siku hizi. Na uwanjani bado wapo wanaoita Lumbesa. Nawapungia mkono. Winga wao akija, anaenda kuwaeleza mwenyewe lumbesa ina uzito gani!

Lakini winga mwenye mbio kama zile sijamwona tena. Kila mpira mrefu ukipigwa, natazama upande ule.

Ndugu zangu, sikatai funga. Funga ni ya Bwana, na anayefunga kwa ajili yake anajua jua litazama na atakula. Nasema na wewe dada uliyekaa hapo, unayesema umefunga na unajua hujafunga. Unayeogopa kioo, unayeogopa mume, unayeogopa watu wa ghalani. Nasema na ninyi pia mnaopiga makofi: mkimwona mtu anapungua, kabla hamjamsifu, muulizeni amekula nini. Mama mmoja aliuliza hivyo kwa kuchelewa, si kwa kosa lake. Mimi ndiye niliyemchelewesha. Mtegemeeni Mungu ambaye hakutuumba kwa mstari wa chaki. Mimi nilimtegemea nikiwa na wali mdomoni na kamasi puani, na hakunikataa.

Benchi la tatu, upande wa akina mama, amekaa Mama Yustina. Msimtazame sana, hapendi. Amekuja na masufuria, yako nje chini ya mabati, ameamka kupika tangu alfajiri kwa ajili ya kanisa zima, kwa sababu leo inatimia miaka miwili tangu tumzike mwanawe. Hakuna atakayeondoka hapa na njaa. Mwenye kuona aibu, aje akae karibu nami, mimi nitakula ya watu watatu na hakuna atakayekuangalia wewe.

Mama, nimewaambia. Nipakulie.